Binti wa Duka la Mawe ya Makaburi

Binti anayepokea oda kwa mchonga mawe hupangusa vumbi kwenye kompyuta kwa kiganja kabla ya kugusa kitu, na hata akicheka sauti yake haipandi. Nilimwendea kwa sababu tovuti yao ilinishinda. Macho yangu hayasomi tena, simu ndiyo hunisomea, lakini kwenye tovuti hiyo ilikuwa ikisema "kitufe, kitufe" basi, bila kutaja ni cha nini. Akaniambia, "Nitajie maneno ya jiwe, babu, nikujazie." Nikamjibu kwamba ni ya marehemu mke wangu, nikiyatamka nitalia. Hakunilazimisha. Alichukua simu yangu, akafumba macho, akajaribu kununua jiwe kwa kusikiliza tu. Akakwama palepale nilipokwama mimi. Bosi wake akaguna, "Tugharamie fundi kwa ajili ya mzee mmoja?"

"Huyu ndiye aliyekuja kutuambia, bosi. Wengine wamenunua kwa jirani, na wala hujui."

Baada ya siku chache akanipigia: "Jaribu sasa, babu, fundi ameshairekebisha tovuti." Niliketi kitandani, upande aliokuwa akilala mke wangu, nikaandika maneno ya jiwe herufi moja moja huku simu ikinisomea. Nililia nilivyotaka, hakuna aliyenitazama. Namshukuru sana binti yule.