Madirisha Yamefungwa Hadi Shianda

Tulisafiri kwa sababu mama mkubwa Felista alikataa kuhamia nyumba yake mpya. Ujumbe ulitufikia Lugari kupitia mwanamke wa kanisa letu aliyekuwa amepeleka mahindi Shianda. Nyumba ya matofali iliyojengwa kwa fedha za miwa ilikuwa imekwisha, mabati yanang'aa na vitanda vimeingia, lakini mwenyewe bado alilala katika ile ya udongo yenye ukuta uliopinda. Hangehama mpaka mdogo wake, yaani mama yangu, anywe chai katika sebule mpya. "Mwambie Trufena," alituma kusema, "mvua ikinikuta humu, ukuta utaniangukia, na yeye ndiye atakayelia."

Mama ana pumu. Miaka ile ya neema ya sukari, miwa huko Shianda ilipandwa mpaka mlangoni, na kabla ya kukatwa ilichomwa moto. Safari yake ya mwisho ilimalizikia hospitalini, na daktari akamkataza moshi kabisa. Njia iliyobaki ilikuwa moja: gari la dizeli aliloacha marehemu baba, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kikifanya kazi. Tatizo ni kwamba kiyoyozi hicho kilipoza kilipotaka. Fundi mmoja mjini alikuwa amekiongezea gesi mara mbili, na kila mara tulifurahi siku chache tu.

Tuliondoka Lugari alfajiri, umande bado uko kwenye mahindi. Mama alikaa kiti cha nyuma na dawa yake ya kuvuta mkononi. Nilipowasha kiyoyozi, hewa ilitoka baridi kama ya kisimani.

"Baba yako hakuwahi kukigusa hicho," Mama alisema. "Alikuwa anasema, nani anunue baridi na anaishi Lugari?"

Barabarani mambo yalikwenda vizuri. Nilianza kuangalia kwa makini, maana gari linapougua huwa lina saa zake kama mgonjwa. Tulipokwenda kasi, baridi ilikuwepo. Tulipopanda kilima polepole, baridi ilipungua, na mshale wa joto la injini ukasogea kidogo. Tukiteremka, baridi ilirudi.

Kufika Malava tuliingia nyuma ya trekta la miwa lenye matrela mawili. Halikupitika. Tulitambaa nyuma yake, na ndani ya gari joto likapanda hadi nguo zikatunatia mgongoni. Matundu yalipuliza hewa ya moto. Mama alivumilia, kisha akashusha kioo kidogo tu. Mbali kulikuwa na shamba linaungua. Moshi kidogo ulitosha. Alianza kukohoa, akainama, akavuta dawa, akavuta tena. Nilimpita dereva wa trekta mahali ambapo sikupaswa kumpita.

Pale Buyangu, msitu unapokaribia barabara, nilisimama kivulini na kumfungulia milango yote. Hewa ya msitu ni safi, ina harufu ya majani mabichi. Kifua chake kilitulia taratibu. Nilimwambia ukweli: kutoka Kakamega kwenda Shianda miwa ni mingi kuliko ile ya Malava, na kwa gari hili ni heri turudi nyumbani.

"Mimi sijafunga safari kuja kuangalia miti," alijibu. "Tafuta fundi."

Kwa hiyo, badala ya kuingia barabara ya Mumias, tulipita mji wa Kakamega na kuteremka hadi Sigalagala. Pale pana chuo cha ufundi, na hukosi mtu aliyesomea vyuma. Tulielekezwa kwa Ambani, mwenye karakana kando ya barabara, mnene na mwenye maneno mengi. Alimpa Mama benchi chini ya mabati, akaegemea bodi ya gari bila kufungua kitu.

"Gari haiongei, madam. Ongea wewe."

Nikamweleza yote: baridi tukikimbia, joto tukitambaa, mshale unaopanda vilimani, gesi iliyoongezwa mara mbili.

"Mshale unapandanga?" aliuliza. "Hilo hukumwambia yule wa gesi?"

"Aliniambia gari ni zee."

"Hata mimi ni mzee na sichemki."

Alifunga saa zake za kupimia presha kwenye mabomba ya kiyoyozi, akaniambia niache injini ikinguruma bila kwenda. Mshale wa upande mmoja ulipanda mpaka akapiga mluzi. Gesi haikupungua, alisema, ilikuwa imezidi. Na joto lake lilikosa mahali pa kutokea. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alirarua ukurasa wa gazeti, akauweka mbele ya grili, akauachilia.

Karatasi ilianguka chini.

"Feni inazunguka, sivyo? Inafaa ivute hii karatasi ishikane hapo kama nzi kwenye molasi. Haivuti. Hewa haipiti."

Mbele palikuwa safi. Tulikuwa tumepaosha mara nyingi kwa mpira wa maji. Ambani alimulika tochi kutoka upande wa injini, nami nikainama mbele kutafuta mwanga. Sikuona hata chembe. Kitu kilikuwa katikati, kati ya rejeta ya maji na ile nyembamba ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Alimwaga maji, akafungua bolti, akaitoa rejeta. Nyuma yake kulikuwa na kitu cheusi, kigumu kama ubao. Alikikwangua kwa bisibisi kikatoka kipande kizima, kimeshikana kwa masizi, makapi ya miwa, vumbi, na molasi, ile shira nyeusi ya miwa inayomwagika barabarani na kurushwa na magurudumu.

Alikigonga chini. Masizi yakapukutika, na pembeni ukaonekana uzi mwekundu.

Mama aliinuka kwenye benchi. "Leteni hapa," akasema. Alikipindua, akausugua ule uzi kwa kidole. "Huu mshono ni wangu."

Kilikuwa chandarua. Zamani baba alipokuwa akipeleka mbolea huko kwenye miwa, madereva wote waliziba rejeta kwa neti ili masizi yasiingie. Alimwomba Mama amshonee moja, akaitia kati ya rejeta hizo mbili, akarudi Lugari kwenye mahindi, na neti ikasahaulika humo.

"Ulishona vizuri, mama," Ambani alisema. "Hata hewa imeshindwa kupita."

"Nilifundishwa na masista," Mama akajibu, na wote wawili wakacheka.

Ambani aliosha rejeta zote mbili kwa maji yanayotoka nyuma kwenda mbele, akarudisha kila kitu, na gesi iliyozidi akairudisha mtungini polepole huku akitazama saa zake. Halafu akaokota ule ukurasa wa gazeti. Safari hii karatasi ilirukia grili na kung'ang'ania. Aliiacha pale, akaenda kunawa mikono.

Alasiri tulishika barabara ya Mumias. Baada ya Shibuli lilitukuta lile nililoliogopa. Shamba lilikuwa linaungua pande zote mbili, na mbele yetu trekta lilikuwa limevunjika ekseli, miwa imemwagika barabarani. Hakuna kwenda, hakuna kurudi. Nilifunga tundu la hewa ya nje na kusikiliza. Moshi ulipita juu ya kioo, masizi meusi yakatua kwenye boneti. Wakataji miwa walitutazama wakijifunika pua. Nilishika tundu la kiyoyozi kwa kiganja: baridi. Nikasubiri, nikashika tena: baridi zaidi. Nyuma yangu sikusikia kikohozi. Nilisikia mkoba unafunguliwa.

"Sweta yangu uliiweka wapi?" Mama aliuliza.

Miwa ilipoondolewa barabarani tuliendelea, na Shianda tukapokelewa kwa vigelegele. Mama mkubwa alikuwa amewaomba majirani wasichome siku hiyo, na hewa ya boma ilikuwa safi. "Mulembe, Trufena. Mbona umevaa sweta kama mtu wa Lugari?" Mama akamfungulia mlango wa gari, akamketisha ndani kwenye baridi, akafunga. Dada yake alikaa humo mpaka chai ikachemka mara ya pili. Kisha Mama aliingia katika nyumba mpya, akaketi sebuleni, akanywa kikombe kizima. Tulipokula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, mama mkubwa alinipa firigisi, ambayo kwao ni ya mwenye nyumba. "Kula. Hata baba yako hakuwahi kuniletea Trufena namna hii."

Usiku ule alilala ndani ya matofali.

Kesho yake tulirudi nyumbani tukifuata matrekta, polepole, bila wasiwasi. Nilichojifunza ni hiki: tulikuwa tumeuliza kila mara gari limepungukiwa na nini, na hatukuuliza hata siku moja limeongezewa nini. Mama alikuwa na chandarua chake magotini, kimefuliwa, uzi mwekundu bado umeshika. Tulipofika Malava, moshi ulikuwa pale pale. Aliutazama kupitia kioo, akajikunja ndani ya sweta.

"Punguza hiyo baridi," akasema. "Sasa imezidi."