Upinde wa Inchi Sitini na Nane

Nilianza kulenga shabaha kwa mishale nikiwa na miaka arobaini na moja. Nauza viatu vya mitumba Mchikichini, na siku za Jumamosi nilikuwa nafunga meza yangu mchana, naenda kwenye uwanja wa shule ambako mwalimu mmoja wa michezo alikuwa anatufundisha, watu kama kumi hivi. Wenzangu sokoni niliwaambia naenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa huyo aliumwa miezi mitatu.

Sijui nieleze vipi raha yake. Unainua upinde, unavuta, kamba inakufika kidevuni, halafu mji wote unarudi nyuma. Honi, vipaza sauti vinavyouza dawa ya panya, pikipiki, vyote vinakuwa kama viko chini ya maji. Unabaki wewe na duara la njano kule mbele. Ukiachia, kelele zinarudi taratibu, moja moja, na wewe unajisikia kama umeamka.

Shida ilikuwa upinde wenyewe. Nilikuwa naazima wa mwalimu, nao ulikuwa mfupi. Mimi ni mrefu, na mikono yangu imezidi hata urefu wangu. Kwa hiyo kila nilipovuta mpaka mwisho, kamba ilijikunja kali na kunibana vidole vitatu, na zile inchi za mwisho zikawa ngumu ghafla kama mtu kashika upande wa pili. Mishale ilikwenda ilikotaka. Nilikuwa narudi nyumbani vidole vimevimba.

Baba ndiye aliyeviona, nikimmiminia chai. Baba ni fundi cherehani, ameshona kwenye baraza moja Kariakoo tangu alipokuja kutoka upande wa Newala akiwa kijana. Sasa macho yamechoka, nakaa naye.

"Hivyo vidole umefanyaje, mama?"

Kudanganya baba sikuweza. Nikamwambia yote. Aliweka kikombe chini.

"Upinde," alisema polepole, kama mtu aliyetajiwa jina la rafiki waliyepotezana. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu: kwamba utotoni alikuwa akienda kuwinda na baba yake. "Tukatafute wako," akasema. "Nitakuchagulia mimi."

Jumatatu tukaenda. Duka lilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja Kariakoo, mwisho wa korido ya sare za shule, linauza mipira, filimbi na jezi. Mwenye duka, mama wa Kiarabu aliyejitanda mtandio wa kijani, alisimama alipomwona baba.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Tunataka upinde, wa huyu binti yangu."

Alikuwa na pinde mbili tu. Zote zilikuwa za aina moja, ile ambayo ncha zake zimepinda kwenda mbele na inafunguka vipande vitatu. Mmoja mfupi, wa mbao nyeusi. Mwingine mrefu, wa rangi ya asali, ukisimamishwa sakafuni unanifika puani.

Baba aliushika ule mfupi na hakuuachia. Akainama kidogo, magoti yamekunjwa, akaanza kutembea katikati ya jezi zilizotundikwa, anazipisha kwa bega bila kuzitikisa. Kwenye ile njia nyembamba, mwanga wa taa ukipita kwenye vitambaa vya kijani na njano, nilimwona akiwa mtoto.

"Huu," alisema aliporudi. "Porini upinde mrefu ni balaa."

Nikaujaribu. Ulivutika vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu ukagoma, na kamba ikanibana vilevile.

"Usiachie bila mshale, utavunjika," mwenye duka akanionya. "Rudisha polepole."

Nikarudisha. Nikachukua ule mrefu. Kamba ilikuja, ikaendelea kuja, laini kama kuvuta shuka kwenye kamba ya kuanikia. Ilipofika kidevuni vidole havikuuma kabisa. Nilikaa hivyo, sauti za korido zikaanza kurudi nyuma. Nilipofungua macho, maana nilikuwa nimeyafumba, baba alikuwa ananitazama.

"Huo utakusumbua vichakani," alisema.

"Kwa nini, baba?"

Akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka yangu aliniazima upinde wake, mrefu hivyo hivyo. Tulikuwa tumejificha kichakani tangu alfajiri, baba mbele, mimi nyuma. Kanga wakatoka, wengi, wanadonoa. Baba akanipa ishara nipige mimi. Nikainuka kidogo tu. Ncha ikagusa tawi, wakaruka wote."

"Babu akasema nini?"

"Hakusema kitu. Tulitembea mpaka nyumbani hakusema kitu."

Nilikaribia kumwambia mwenye duka atufungie ule mfupi. Vidole vingezoea. Lakini yule mama alinigeukia, akauliza kwa upole, "Dada, wewe unapigia wapi?"

"Uwanjani."

"Kuna vichaka?"

"Hapana. Kuna magoli mawili na ukuta."

Baba alicheka kidogo, puani. Akaingiza mkono mfukoni akatoa futi yake ya kitambaa.

"Nyoosha mikono, mama."

Nikainyoosha huku na huku. Alinipima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. "Inchi sabini na tatu."

"Gawa kwa mbili na nusu," mwenye duka alisema. "Ishirini na tisa na kidogo. Ndiyo mvuto wake, yaani kamba inavyokuja nyuma akivuta mpaka mwisho. Mtu wa ishirini na tisa anataka wa inchi sitini na nane hivi." Akaugusa ule wa rangi ya asali. "Kwa kuwinda wengi wanapenda mfupi, mzee hajakosea. Ila mfupi kwa mikono hii ni mateso."

Baba alikunja futi yake. "Mfungie huo mrefu," akasema.

Jumamosi tulikwenda naye uwanjani. Mishale yangu ya kwanza ilipita juu, nikashusha mkono, halafu ikaanza kukaa pamoja, sita ndani ya eneo ambalo sahani ingelifunika. Baba alisimama nyuma yangu, kila nikivuta namsikia ananong'ona, "Ngoja… ngoja…" kana kwamba pale kwenye nyasi kuna kitu kingeshtuka.

Baadaye aliomba aushike. Alivuta mpaka nusu, bega likakataa. Aliurudisha taratibu kama alivyosikia dukani, akanipa, akaenda kukaa kwenye benchi chini ya ukuta.

Niliendelea. Napiga, naenda kuchomoa mishale, narudi. Jua lilikuwa limelegea, vumbi la uwanja limesimama hewani lina rangi ya chai. Nilipomgeukia baba alikuwa amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo. Sikumwamsha mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti.