Daktari Asiye na Sindano

Mimi ni mdaku, nakiri. Kibanda changu cha chai kilitazamana na chumba cha Daktari Huguette. Tangu arudi mjini kwetu Bunia, Kongo, kutoka kusomea tiba ya akili, vita vikiwa vimepamba moto, nilitaka kujua jambo moja tu: huyu mama anatibu kwa kitu gani? Hakuwa na sindano. Dawa zilifika siku ndege zilipofika. Alikuwa na viti vyake na maswali. Wengine walivuka barabara wasimsalimie, eti wazimu unaambukiza. Yeye alicheka, akanywa chai yangu, akaniuliza nimelalaje. Ukijibu "vizuri" alikutazama mpaka useme kweli.

Siku moja Mathieu, mkimbizi kutoka Djugu, alimleta shemeji yake Emérance, mikono imefungwa kwa kitenge. Mumewe, Davy, aliuawa walipokuwa wakikimbia. Tangu hapo mama huyo hakutoa neno, na kila jioni alimpakulia marehemu bugali.

"Docteur, ukishindwa leo, kesho ninamupeleka kwa chumba ya maombi," alisema Mathieu. "Kule banafunga bagonjwa na munyororo."

Nikasogea na birika, nikajifanya namimina chai. Ajabu, daktari hakumuuliza Emérance chochote. Alimgeukia Mathieu.

"Kwenu, mutu akikufa, nani anaanza kulia?"

"Yaya yake, ndugu yake mukubwa. Muke hawezi kulia kama yaya hajatangaza kifo."

"Na yaya ya Davy ni nani?"

Mathieu akainama. "Ni mimi."

"Ulishatangaza?"

"Tulikuwa tunajificha mu pori. Nilimuambia anyamaze, banaweza kutusikia."

"Na kisha, hapa Bunia?"

"Niliogopa, docteur. Bataniuliza sababu gani nilimuacha ndugu yangu."

Hasira ilinipanda, nusura nimmwagie chai. Mtu mzima anaficha aibu yake, kisha anamfunga mwanamke! Daktari hakumgombeza. Alifungua kile kitenge, akasogeza kiti cha Mathieu karibu na Emérance.

"Tangaza sasa," alisema.

Mathieu akasimama, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe lililowatoa majirani nje. "Davy wetu alikufa! Niliona kwa macho yangu, nikakimbia, nikamuacha!"

Emérance alimshika shati, akamvuta akae. Sauti yake ilitoka kavu.

"Nilijua, yaya. Na mimi niliona. Nilikuwa nangojea weye."

Ndipo akalia.