Bole ya Mama

Ukipita kwetu Roret mvua ikiwa ndiyo kwanza imeacha, harufu inayokufikia kwanza ni ya majani ya chai yanayonyaushwa kiwandani, nzito na tamu kidogo, kama nyasi iliyochemshwa. Kwangu harufu hiyo huja na nyingine: petroli ya jenereta na makoti yaliyolowa, ndani ya kibanda cha mabati ambamo Odhiambo, mfanyakazi wa kiwanda aliyetoka upande wa ziwa, alikuwa akionyesha video kila Jumamosi mchana.

Nilikuwa darasa la tano mwaka aliokufa kaka yangu Kipkoech. Alipenda kuchekesha watu. Alidandia trela ya trekta ya majani, akaachia mkono mmoja ili wenzake wacheke, akateleza. Walicheka kwanza. Walidhani ni mchezo wake. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini kwenye tope lile yote mawili yalikuja pamoja. Baada ya mazishi Mama hakulia mbele yetu, wala hakucheka. Alichuma chai, akakama ng'ombe, akapika. Tukimwita, aliitika kwa kuchelewa, kana kwamba sauti zetu zilitoka ng'ambo ya bonde. Niliogopa kwamba siku moja hataitika kabisa.

Jumamosi moja mvua ya mawe ilitukuta tukitoka sokoni, tukakimbilia kibandani. Kwenye televisheni vijana wa kizungu walikuwa wamemkalisha mwenzao ndani ya toroli, juu ya mteremko. Wakamsukuma. Toroli likagonga jiwe, kijana akaruka, akatumbukia kichwa mbele katika ua wa miiba, kaptula ikachanika, makalio yakabaki nje. Watu wakaangua kicheko hadi mabati yakatetemeka. Nikamshika Mama mkono, maana nilijua anachokiona si toroli.

Mama akasimama. "Bole!" akapaza sauti. "Bole sana, kijana!"

Kwetu mtu akijikwaa humpiti hivi hivi, hata kama humjui. Unampa pole yake ndipo uendelee na safari. Na Mama, kama wazee wengi wa Kipsigis, p ilimtoka kama b. Vicheko vikamgeukia yeye.

"Mama Koech, huyo yuko ndani ya televisheni," Odhiambo akasema. "Hakusikii!" Tangu mazishi watu walikuwa wakiogopa kumwita kwa jina hilo la mwanawe. Lilimtoka Odhiambo tu.

"Si ameumia?"

"Ngoja, mama. Huyo huamka."

Kweli, kijana akatoka kwenye miiba akijishika makalio, akicheka.

"Ameamka," Mama akasema polepole.

"Kila wakati. Nikirudisha nyuma, anaanguka tena na anaamka tena."

"Rudisha."

Odhiambo akarudisha. Toroli likateremka, kijana akaruka, na kibanda kizima kikapiga kelele kwa pamoja: "Bole!" Hapo Mama akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikavu, kisha kikamshinda akakaa chini, akajifuta uso kwa leso. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikujua anafuta nini. Tulipokuwa tukipanda kilima kurudi nyumbani, barafu ikivunjika chini ya miguu yetu, nilimwita bila sababu yoyote. Akaitika mara moja.

Nimesikia watu wakisema filamu za namna hiyo ni upuuzi wa watu wazima kuumizana na kuvuana nguo. Sina elimu ya kuzitetea, na mengi ndani yake ni upuuzi kweli. Najua tu kwamba mle mtu huanguka vibaya kabisa, halafu tunamwona akiamka.

Mama tumemzika mwezi uliopita. Pale palipokuwa na kibanda sasa wanauza dawa za mifugo, na vituko vyenyewe viko kwenye simu. Kila mtu hucheka peke yake, ameinamisha kichwa. Waombolezaji wamenipa pole nyingi, zenye p iliyonyooka. Nimezipokea zote, nikawapa chai, na sijasikia kitu ndani yangu.

Jana mwanangu aliniletea simu nitazame. Kijana mmoja alikuwa akicheza na ndoo ya maziwa kichwani, akateleza kwenye tope, maziwa yakammwagikia mwili mzima.

"Bole," nikasema.

"Ni pole, Mama," mwanangu akanisahihisha, huku akicheka.

Sikucheka. Kijana alikuwa bado hajainuka video ilipokatika.

"Rudisha," nikamwambia.