Aliyetupa Mkono wa Kushoto

Je, mtu yule alikuja kumwokoa mdogo wangu, au kumchukua? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimezika wazazi, mvi zimeniingia, na swali hilo bado linanichosha. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nimekwishachoka kubishana.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, katika likizo kubwa ya kiangazi. Sisi maskauti wa misheni, watoto wa wakulima wa maharagwe wa Masisi, tulipiga hema kando ya ziwa dogo nyuma ya milima ya Mweso. Kiongozi wetu, mwalimu kijana aitwaye Donati, alikuwa ametufundisha salamu ya kiskauti: kupeana mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio ulio karibu na moyo. Nyumbani salamu ile tuliificha. Bibi yangu aliiona mara moja tu, akaacha kupepeta maharagwe. "Muntu mwenye hakupatie mukono ya kuume," alisema, "ujue kuko mwingine anaishika." Tulimcheka.

Pale kambini homa kali ilimshika Faustini, mdogo wangu. Daktari alikuwa ng'ambo ya ziwa. Kwa mtumbwi si mbali, lakini hatukuwa na mtumbwi. Kwa miguu, kuzunguka mlimani, ni safari ya kutwa nzima, na jua lilikuwa linazama. Wenzetu walijaribu kumchangamsha.

"Faustini, amuka! Ao unaogopa sombe ya Bauma?"

"Hata mwenye afya anaiogopaka," mwingine alidakia, na Bauma, mpishi wetu wa siku hiyo, akamtishia kwa mwiko uliojaa majani yale ya muhogo.

Ndipo ukungu ulipopanda kutoka majini, na ndani yake akatokea mwanamume mwenye fulari, kile kitambaa cha shingoni cha maskauti, kama zetu. Akamnyoshea Donati mkono wa kushoto. Unadhani tungeshuku nini? Katika milima ile, nani angesalimia kwa kushoto isipokuwa skauti? Donati alifurahi kama aliyeonana na nduguye wa tumbo moja.

"Niko na mutumbwi," mgeni alisema kwa upole. "Munipatie mutoto. Atalala kwa dokta leo."

Akamwendea Faustini, akamshika mkono wa kushoto. Niamini: mdogo wangu, aliyekuwa ametetemeka mchana kutwa, alitulia papo hapo na kutabasamu. Nilikaribia kumshukuru yule mtu. Lakini fulari yake ilikuwa ikidondoka maji, nasi tulikuwa katikati ya kiangazi. Na mkono wake wa kulia ulibaki nyuma, umenyooka kuelekea ziwani, kama wa mtoto anayeongozwa na mamaye. Maneno ya bibi yakanirudia.

"Papa," nilimwambia mgeni, "utusalimie kwanza na kuume."

"We! Heshima iko wapi?" Donati alinikaripia.

Mgeni hakukasirika. Alinitazama kwa uchovu mkubwa, uchovu ambao leo naujua.

"Kuume?" alisema. "Kuko muntu anaishika."

Hakuna aliyecheka. Donati alimnyakua Faustini, akamkumbatia kifuani. Mgeni akarudi kinyumenyume, kama anayevutwa, hadi ukungu ukamfunika. Tulipokwenda kutazama alikopita, mafunjo yalikuwa yamesimama wima, hata moja halikuvunjika. Mtumbwi haukuwapo.

Faustini aliishi. Ana duka dogo huko Ntoto, ana mke na watoto. Lakini mkono wake wa kushoto ni baridi hadi leo, hata auweke karibu na moto, na kila kiangazi huacha duka na kushika njia ya ziwa. Mimi humfuata kumrudisha.

"Kaka, juu ya nini mulinikataza?" huniuliza njiani. "Ule muntu njo alikuwa anajua njia."

Nawe unayenisoma, shika hili moja: anayekujia kwa salamu yako mwenyewe na vazi lako mwenyewe, usimkabidhi mtu wako kabla hujaiona mikono yake yote miwili.

Nirudi kwenye jioni ile ya mgeni: Donati nami tuliamua kwamba maji hatutayagusa, tutampeleka Faustini kwa daktari kwa kupanda mlima. Kulipopambazuka tulifunga machela kwa nguzo za hema. Faustini alikuwa ameligeukia ziwa, akijaribu kuteremka. Basi nikaufunga mkono wake wa kushoto kwenye mkono wangu wa kulia, kwa fulari yangu, kwa fundo tulilofundishwa, wenzetu wakabeba machela, tukaondoka.

Kwenye shamba la kwanza mama mmoja aliweka jembe chini, akaja kutupa pole. Akaninyoshea mkono. Wa kulia sikuwa nao. Nikampa wa kushoto. Aliutazama, akautazama na wa kulia ulioshikwa na Faustini, kisha akauficha wake ndani ya nguo.

"Mupite," alisema. "Mupite mbio."