Beji Mbili za Marehemu

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katekista na mtunza sakristia katika parokia yetu hapa Kigali. Kila Jumamosi nilisugua vinara na vyombo vya shaba, na macho yangu yakaizoea shaba. Padre mmoja mzee kutoka Ulaya, aliyekusanya beji za majeshi ya zamani, ndiye aliyenifundisha kuzisoma. Tazama taji kwanza, alisema. Matao yakipanda juu kama mgongo wa kobe, ni enzi ya mfalme wa Waingereza. Yakibonyea katikati, ni enzi ya binti yake. Kisha geuza beji, maana mbele watu husugua, nyuma husahau. Aliporudi kwao aliniachia kioo chake cha kukuzia. Namshukuru Mungu kwa ajili yake hadi leo.

Siku moja, baada ya misa, mjane wa mtaa wa Kimisagara aliingia sakristia na bakuli la unga wa muhogo. Akazamisha vidole na kutoa beji mbili. Vita vilikuwa kaskazini, na mtu aliyekutwa na alama ya jeshi kwenye kizuizi cha barabarani aliulizwa maswali marefu.

"Mume wangu alivaa moja akiwa askari wa Waingereza Uganda," alisema. "Kabla ya kufa alimwita kila mwana peke yake, akampa beji, akasema hii ndiyo yangu. Sasa kila mmoja anamwita mwenzake mwongo. Hawataki kukaa kwenye chungu kimoja, mwalimu. Matanga hayajafungwa."

Kwetu matanga hufungwa kwa pombe ya mtama, wana wa marehemu wakipokezana mrija mmoja. Wasipofanya hivyo, kilio bado kimo nyumbani. Nilimwomba awaite wote wawili.

Jumapili tulikaa uani kwake. Mkubwa alikuwa fundi wa baiskeli, mdogo mshonaji, na walikalia ncha mbili za benchi moja.

"Yake iko kifuniko cha soda," alisema mdogo.

"Na yako umeitoa kwenye mkanda wa nani?"

"Nyamazeni," mama yao alisema. "Mtu anasoma."

Taji zote mbili zilikuwa za mfalme. Zote zilikuwa na mkwaruzo juu ya taji, na kila mwana alikuwa amesikia kisa chake kwa baba yake: mlango wa lori ulimbana. Nikazigeuza. Nyuma ya beji ya mdogo palibonyea kufuata umbo la mbele, kama kitu kilichogongwa kwa mashine. Ya mkubwa ilikuwa bapa, ina vishimo vidogo kama vya mchanga, na rangi yake ilikuwa ya manjano zaidi. Nilipoilaza juu ya nyingine, ikapungua pande zote kiasi cha unene wa uzi. Shaba ikimiminwa hunywea inapopoa.

Nilisali kimya kidogo. Uongo ungewapatanisha hadi jioni tu.

"Hii iligongwa Ulaya," nikasema. "Hii ya mkubwa ilimiminwa katika kalibu ya mchanga iliyochapwa kwa hiyo ya kwanza, pamoja na mkwaruzo wake."

"Si nilisema?" mdogo akacheka.

Mkubwa akainama. Mama yao ndiye aliyeuliza, polepole, "Imemiminwa kwa shaba gani?"

"Nzuri, mama. Si ya bomba wala ya maganda ya risasi."

Akashika kifundo cha mkono wake mtupu. "Nilikuwa na bangili za shaba, za siku niliyoolewa. Zilipotea mwaka baba yenu alipokuwa akishinda kwa wahunzi wa bondeni. Nilimwita jirani wa watu mwizi, na mzee wangu ananitazama tu." Akaanza kucheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. "Beji ilikuwa moja, wana wawili."

Mkubwa aliipangusa beji yake kwa kidole gumba. "Basi yangu iko na bangili za mama ndani."

Mdogo alisogea kwenye benchi, akanyoosha mkono. "Lete niione."

Mkubwa akampa. Mjane akaenda jikoni, akarudi na chungu cha pombe na mrija mmoja, akaviweka katikati yao.

"Aanze mwalimu," alisema. "Nyinyi mtafuata."