Daimler ya Mzee Kipkemboi

Mwaka wa tisini na nane, pale Woodbridge, Marekani, hakuna Mkenya aliyeingia kwa Mzee Kipkemboi akatoka bila kupelekwa gereji. Hata uwe umekuja kutoa pole. Angekuvuta mkono, afunue shuka, na hapo ungeliona gari lake: Daimler nyeusi, ndefu kama jeneza la mfalme, pua yote vyuma vya kung'aa.

"Majestic Major," angesema. "Waingereza walitengeneza elfu moja mia moja na themanini peke yake, wakaacha. Mercedes zimejaa kama nzi. Hii utaiona wapi?"

Alikuwa dereva wa ubalozi enzi zake, na gari aliachiwa na bwana mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tangu pampu ya maji ilipokufa, halikutoka tena. Pampu nyingine ilitafutwa ikakosekana. Uchache ule ule aliojivunia ndio uliolifungia gari humo ndani.

Na Jerotich naye alikuwa kama amefungiwa katika nyumba hiyo. Alikuwa mtoto wa marehemu ndugu wa mzee, amekuja kusomea uuguzi, akamaliza, akapata kazi katika mji wa mbali kidogo, Columbia, na kitanda huko kwa rafiki yake Chepngetich. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu. Alimweleza mzee, mzee akauliza kama chai imeiva. Alimweleza tena, mzee akawasha redio.

Jumapili, watu wa ushirika walipokuja kusali, mzee alisimama katikati ya sebule.

"Jerotich, mtoto wa ndugu yangu. Mimi nimezeeka. Daimler ni yako kuanzia leo. Utaitunza hapa hapa ilipo."

Akamnyooshea ufunguo. Mbele ya wazee, mbele ya mchungaji! Afanye nini? Mikono yote miwili ilikwenda yenyewe, magoti yakakunjika, mdomo ukasema, "Asante, baba." Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akaomba, sala ndefu. Jerotich alifumba macho akahisi kama anafungiwa mlango polepole, huku watu wakiimba.

Chepngetich, aliyekuwa miongoni mwa waliokuja kusali, alimfuata jikoni. "Wewe, umenasa! Sasa utaondokaje uache gari lako?"

"Ulitaka nimtupie usoni?"

"Liuze basi."

"Nani analitaka? Ryan fundi aliliangalia juzi. Ati ni adimu kweli, lakini wanaolitafuta ni adimu zaidi."

Jerotich akasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Aliiona miaka yake: kufunua shuka, kufuta vumbi, kuwaambia wageni elfu moja mia moja na themanini. Mzee atakufa, na gari litakuwa bado lipo.

"Ingekuwa ng'ombe," Chepngetich akacheka, "ungempeleka kwa mtu akuchungie."

Jerotich akaiacha sufuria. Alirudi sebuleni kabla watu hawajavaa makoti.

"Baba, nimeshukuru. Gari ni langu kweli?"

"Lako kabisa."

"Basi mimi naenda kazini Columbia, na huko sina zizi. Naliwekesha kwako. Kimanagan."

Kila Mkalenjin mle ndani alilijua neno hilo. Mwenye ng'ombe humkabidhi mtu anayemwamini amchungie. Anayechunga hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Kukataa mbele ya watu, kwa mzee wa heshima kama yeye, ingekuwa aibu.

Mzee Phineas, mkubwa wa wote, akaanza kutikisika mabega. "Kipkemboi, umepewa ng'ombe! Utakunywa nini, mafuta ya injini?"

Walicheka wote isipokuwa Kipkemboi. Yeye alimnyooshea mkono mtoto wa ndugu yake.

"Lete ufunguo," akasema.

Jumatatu alfajiri Chepngetich alipiga honi nje. Jerotich aligonga chumba cha mzee, kumbe ni kitupu. Akaenda gereji, akakuta imefungwa kwa ndani.

"Baba, naondoka. Nitakuja Jumamosi."

Alisikia kitambaa kikisugua bati la gari, kikisugua, kikaacha.

"Huko Columbia uulizie pampu," sauti ikasema. "Gari ni lako."